Paka wa Kuwekwa

Ijulikane kwa wote kwamba katika mwaka wa elfu moja mia tisa tisini na moja hapakuwa na ugonjwa wa kimeta katika kijiji cha Kapchelule, wala dalili yake, wala uvumi wowote wenye msingi. Ndivyo ilivyoamua Kamati ya Wazee, ikiongozwa na mwenyekiti wake Noah Kipkemoi, siku ya Jumatano, kwenye mabenchi yaliyo nyuma ya kituo cha kununulia majani chai, na ndivyo ilivyoandikwa kwa wino wa buluu katika kitabu cha kamati. Kwa kuwa hapakuwa na kimeta, hapakuwa na sababu ya soko la ng'ombe la Sotik kufungwa. Na kwa kuwa hapakuwa na kimeta, ng'ombe wa mwenyekiti aliyekuwa kwa Isaiah Mosonik hangeweza kufa kwa kimeta. Basi alikwenda wapi? Swali hilo kamati ilimwachia Isaiah.

Ng'ombe huyo alikuwa wa kuwekwa. Wakipsigis huita jambo hili kimanagan: mtu humpa rafiki yake ng'ombe amtunze, rafiki anakunywa maziwa, ndama wanabaki wa mwenyewe, na hivyo mali ya mtu mmoja inalala katika maboma matano, isife yote siku moja. Ni desturi nzuri. Inahitaji tu kwamba watu wawili waaminiane, na ng'ombe asife.

Ng'ombe alikufa. Alianguka asubuhi moja kando ya njia ya kwenda mtoni, damu nyeusi ikimtoka puani na isigande. Mtu wa mifugo aliyepita na pikipiki alimtazama kwa mbali, akasema asipasuliwe, asichunwe, asiguswe, achomwe pale pale alipo, na mifugo isilishwe hapo miaka mingi, kwa maana kimeta hulala udongoni. Isaiah na mkewe Tecla walibeba kuni tangu asubuhi hadi jioni. Ng'ombe ni mkubwa kuliko unavyodhani mpaka siku utakapotaka kumchoma. Wiki iliyofuata mtu wa mifugo alihamishiwa Chebunyo, kama watumishi wanavyohamishwa, na ushahidi wake ukaenda naye kwenye pikipiki.

Mbele ya kamati Noah aliuliza jambo moja tu: ngozi iko wapi? Kwa maana mnyama wa kuwekwa akifa, ngozi yake hupelekwa kwa mwenyewe, ndipo aamini. Isaiah akasema ngozi imeungua. Noah akawageukia wazee, akatamka maneno ambayo yaliandikwa kitabuni na baadaye yakawa msemo wa kilima kizima: "Asiye na ngozi ana ng'ombe."

Ikasemwa kwamba Isaiah alimuuza kwa wachinjaji wa ng'ambo, upande wa Kisii. Kamati ikachukua mtamba wake, wa pekee aliyekuwa naye, mwenye mimba, akaenda kwa mwenyekiti kuwa fidia. Kwa wema wake, kamati iliongeza kanuni ili mambo kama hayo yasitokee tena: aliyewekewa mnyama atamlisha, atamtibu kwa mfuko wake, hatamuua bila ruhusa ya mwenyewe, na akifa ataleta ngozi. Hakuna mnyama aliyetajwa kuwa mkubwa au mdogo. Wazee waliona wameandika sheria kamili.

Isaiah aliishi miezi kumi na minne zaidi. Aliacha kwenda kanisani kwa sababu kila alipokaa, benchi lilibaki na nafasi pande zote mbili. Hospitali ilisema ni kifua. Siku ya mazishi Noah alizungumza kwa niaba ya kijiji, akasema marehemu alikuwa mtu mtulivu.

Tecla alirudi shambani kwake. Alikuwa na vichaka mia tisa vya chai, binti aitwaye Fancy aliyeolewa Sigowet, na mikono iliyoweza kuchuma majani mawili na chipukizi huku macho yakitazama kwingine. Kila Jumapili alisimama kanisani na kumwombea Noah Kipkemoi maisha marefu. Mchungaji alilitumia ombi hilo mara mbili katika mahubiri, kama mfano wa kusamehe. Hakumuuliza maisha marefu ya nini.

Mwaka wa tisini na tano mahindi yalikuwa mengi, na panya wakajua. Stoo ya Noah ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote, kwa hiyo walianzia hapo. Mkewe, Rebeccah, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo, ambaye hakuwahi kumkosea Tecla isipokuwa kwa kuolewa na Noah, alikuja kuomba paka. Tecla alikuwa na dume la kijivu lenye sikio moja lililochanika, likiitwa Sajini kwa namna lilivyotembea. Halikujulikana kushindwa na panya yeyote wa upande huu wa Sotik.

Tecla akasema paka wake hauzwi, wala hamtoi bure. Ila anaweza kumweka.

Rebeccah hakuelewa vizuri. Noah alielewa, na alipoambiwa alicheka mpaka akakaa. Jioni hiyo, kwenye foleni ya kupima majani, watu wakiwa wamesimama na vikapu mgongoni, alimwita Tecla kwa sauti. "Mama Fancy, nasikia umeniwekea mifugo!" Foleni ikacheka. Yeye, mtu mwenye ng'ombe katika maboma manane, sasa naye amewekewa, tena paka. Akamwambia karani wa kamati alete kitabu, aandike. Karani akauliza kama ni kweli. Noah akasema sheria ni sheria, aandike: paka mmoja, dume, kijivu, wa Tecla Mosonik, amewekwa kwa Noah Kipkemoi, kwa kanuni za kamati. Akatia sahihi kwa mbwembwe. Tecla akatia dole gumba, ingawa alijua kuandika, kwa sababu alitaka wino mwingi.

Hakuwa na mpango kamili. Watu waliosema baadaye kwamba alipanga yote walimpa sifa asiyostahili. Alichotaka ni mkono wa Noah uingie katika kitu chake, basi. Mengine alimwachia Mungu, na Mungu akaanza na figo.

Mwezi wa nane mwaka uliofuata Sajini alianza kunywa maji kama ndama. Akakonda, akatapika povu, manyoya yakasimama kama nyasi za kiangazi. Rebeccah alimsihi mumewe mpaka akampeleka Sotik kwa Mageto, daktari wa mifugo kijana kutoka Kisii, ambaye kwa maneno yake mwenyewe alikuwa ametibu ng'ombe elfu moja na paka wawili, na wa kwanza alimng'ata. Mageto alimpapasa, akamvuta ngozi ya shingo na kutazama jinsi ilivyochelewa kurudi. Akasema ni figo. Ugonjwa huu hauponi. Lakini akitunzwa, apewe chakula laini kisicho na chumvi, kidogo kidogo, maji wakati wote, na mara mbili kwa mwezi atiwe maji ya dripu chini ya ngozi ya mgongo, anaweza kuishi mwaka, pengine zaidi, na asiwe na maisha mabaya. Au achomwe sindano moja, alale.

Noah alichagua sindano kabla Mageto hajafunga mdomo. Mageto, kwa desturi ya kazi, akauliza kama yeye ndiye mwenyewe.

Hivyo ndivyo Noah Kipkemoi alivyokuja kusimama kwenye ua wa Tecla kwa mara ya kwanza tangu mazishi, kofia mkononi. Tecla alimkaribisha, akampa mursik, maziwa ya mgando, kwenye kibuyu kizuri, akasikiliza habari ya figo hadi mwisho. Akauliza daktari alisema njia ngapi. Mbili, akasema Noah. Akauliza ile ya kutunza inawezekana? Inawezekana, lakini mama, ni paka.

"Sikuona kwenye kitabu imeandikwa ng'ombe peke yake," akasema Tecla. "Mtibu, Mwenyekiti. Mimi sijatoa ruhusa."

Kwa muda wa mwaka na zaidi, kila Ijumaa ya pili, mwenyekiti wa kamati, mzee wa kanisa, alibeba paka katika kikapu cha kuchumia chai, mfuniko ukiwa umefungwa kwa kamba, akashuka naye barabarani hadi Sotik. Alijaribu kwanza kwenda mapema, watu wakaamka mapema. Wachumaji walisimama kwenye vichaka, wakimsalimia kwa heshima. "Chamgei, Mwenyekiti. Majani ya leo yanalia." Mwingine alimuuliza kama kiwanda kimeanza kupokea yenye mkia. Noah hakujibu. Alikuwa mtu wa kujibu maisha yake yote, na kutojibu kulimzeesha.

Nyumbani Rebeccah alichemsha kuku bila chumvi, akamchambua mifupa, akamponda na uji. Wajukuu walikula mboga za sukuma wakitazama. Mageto alimfundisha Rebeccah kuinua ngozi ya mgongo kama hema na kuingiza sindano, kwa siku ambazo dripu ilihitajika kabla ya Ijumaa, na ikawa yeye na paka wana siri zao. Sajini akanenepa kidogo. Alikaa juu ya magunia yale yale ya mahindi aliyoletwa kuyalinda, akawatazama panya wakipita, kama askari aliyestaafu akitazama gwaride.

Na kila Jumapili baada ya ibada, Tecla alikwenda kumkagua mnyama wake. Ni haki ya mwenyewe. Alivaa gauni la kanisani. Noah alilazimika kusimama kando kama mchunga ng'ombe wa kuajiriwa, huku Tecla akihesabu mbavu kwa vidole, akivuta ngozi ya shingo kama Mageto, akiuliza alikula nini Jumanne. Kama jibu lilichelewa, aliuliza tena polepole, kama mtu anayezungumza na mtu asiyesikia vizuri. Hakuwahi kumtaja Isaiah. Alipomaliza alisema, "Unajaribu, Mwenyekiti," na watu waliokuwa wamepata shughuli za ghafla karibu na ua ule walijikunja kwa kicheko mpaka nyumbani.

Angeulizwa kama alimpenda Sajini, Tecla angesema paka ni paka. Lakini alijua kutoka kwa Mageto kwamba mnyama yule hakuwa na maumivu bado, na alikuwa amemuuliza Mageto swali hilo zaidi ya mara moja, faraghani, bila kutabasamu.

Mwezi wa kumi mwaka wa tisini na saba mvua ilianza, ile iliyokataa kukoma. Barabara ya Sotik ikawa mto, na Sajini akaacha kula. Mageto alipanda kilima kwa miguu, buti mkononi, akamtazama paka kwa muda mfupi kuliko alivyotazama matope kwenye suruali yake. Akasema sasa dripu hazisaidii. Damu imechafuka. Kila siku itakuwa mbaya kuliko jana, na itachukua wiki mbili au tatu. Sasa ndiyo ilikuwa saa ya sindano ile.

Noah alimkuta Tecla kwenye chai, amevaa nailoni ya mvua, akichuma. Hakuacha kuchuma. Noah alisema maneno ya daktari kama yalivyo, na kwa haki yake, hakuyapamba.

"Ruhusa nitatoa," akasema Tecla. "Na ngozi?"

Noah akadhani hakusikia. Ngozi gani?

"Ya paka. Akifa utaniletea ngozi. Si ndiyo sheria?"

Noah akasema hakuna Mkipsigis aliyewahi kuchuna paka, na haitakuwa yeye, mzee wa kanisa, kuonekana na kisu juu ya mzoga wa paka mbele ya wajukuu. Na mnyama aliyekufa kwa ugonjwa, tena amejaa madawa, daktari mwenyewe amekataza asiguswe, azikwe alivyo. Alisema hayo yote kwa mfululizo, kwa hasira, na alipofika mwisho akanyamaza, kwa sababu aliyasikia.

Mvua iligonga nailoni. Tecla akatupa majani kikapuni, mgongoni, bila kugeuka.

"Sasa wewe hauna ngozi," akasema. "Basi uko na paka."

Kisha akamwambia anachotaka. Hakutaka pesa, wala kuombwa msamaha, kwa sababu msamaha wa Noah hakuwa na mahali pa kuuweka. Alitaka kamati iketi, mchana, foleni ya majani ikiwepo. Noah asimame aseme kwamba mnyama aliyekufa kwa ugonjwa na daktari akakataza achunwe, hana deni la ngozi, na kwamba sheria hiyo inaanza mwaka wa tisini na moja. Aseme jina la Isaiah Mosonik, lote, na aseme hakuwa mwizi. Karani aandike. Siku hiyo hiyo sindano ichomwe.

"Na nikikataa?"

"Utamtunza. Umezoea."

Noah alikataa. Alikuwa ametawala kilima hicho miaka kumi na sita bila kurudisha neno, na hakuona kwa nini aanze na paka. Alijua pia, kama Tecla alivyojua, kwamba mtu mwingine angeweza kumminya paka shingo usiku na kusema amekufa. Lakini angemzika na ngozi yake, na kitabu kilikuwa na sahihi yake yenye mbwembwe, na kilima kizima kilikuwa kinangoja. Angekuwa mwizi wa paka. Kuna majina ambayo mtu anaweza kuishi nayo, na hilo si mojawapo.

Siku ya nne Rebeccah alikuja. Alisimama mlangoni, maji yakimtiririka, akasema hii paka inalia ikienda kukojoa. Inajificha chini ya kitanda, na yeye anapiga magoti kuitafuta. Alisema hajui mambo ya wanaume na vitabu. Kisha akasema jambo ambalo lilimchoma Tecla, kwa sababu lilikuwa kweli: "Mama Fancy, mimi ndiyo nimechemsha kuku. Si yeye. Na paka haikuchukua mtamba wako."

Tecla alimkausha kwa taulo, akamwekea chai. Alikwenda naye hadi kwa Noah, akapiga magoti, akamwona Sajini chini ya kitanda, macho yakiwa mahali pengine. Alikaa hapo muda. Alimkumbuka Isaiah kwenye kitanda cha hospitali akigeukia ukuta kila mgeni aliposoma jina lake kwenye kadi. Alifikiria kusema sawa, achomwe, yaishe. Neno lilifika kwenye meno. Alilimeza. Akainuka akashika magoti yake, akamwambia Rebeccah, si kwa ukali, "Mwambie mume wako paka anamngoja yeye, si mimi."

Ilikuwa uongo nusu, na alijua ni nusu ipi.

Siku tano zaidi. Tecla hakulala vizuri, hakula vizuri, na alichuma majani mabaya ambayo karani wa kituo aliyarudisha. Fancy aliandika barua kutoka Sigowet, habari zikiwa zimemfikia, akamwomba mama yake amwache mnyama apumzike. Tecla alimjibu kwamba mvua ni nyingi na mahindi yanaoza shambani. Hakujitetea mbele ya binti yake, wala baadaye mbele ya mtu yeyote. Siku tisa hizo zilikuwa zake, na hakuzigawa na Noah.

Jumatano, saa nane, mvua ikiwa imepunguza, Noah Kipkemoi alisimama mbele ya mabenchi yaliyo nyuma ya kituo cha majani. Watu walikuwa wengi kuliko siku ya malipo. Alizungumza akiitazama mizani. Alisema kamati imetafakari upya suala la ngozi. Alisema mnyama aliyekufa kwa ugonjwa na daktari akakataza achunwe hadaiwi ngozi, tangu mwaka wa tisini na moja. Akageuka arudi kwenye benchi lake. Mtu nyuma akakohoa.

"Taja jina," akasema Tecla. Hakupaza sauti.

"Isaiah Mosonik," akasema Noah, "hakuwa mwizi."

"Karani hajasikia."

Karani alikuwa amesikia vizuri sana na tayari alikuwa ameandika, lakini alikuwa kijana mwenye akili, akainua kalamu na kungoja. Noah akarudia. Mara ya pili sauti yake ilikatika katikati ya jina, na wapo waliosema ni mafua. Wazee wakaamua pia kwamba mtamba aliyechukuliwa arudi pamoja na uzao wake ulio hai. Kuhusu kimeta, kamati haikubadili neno, kwa kuwa hilo ni jambo la afya ya mifugo ya eneo zima na haliwezi kuamuliwa na kijiji.

Mageto alikuwa anangoja kwa Rebeccah. Tecla ndiye aliyemshika Sajini. Alimvuta kutoka chini ya kitanda, mwepesi kama kikapu kitupu, akamweka mapajani juu ya gauni la kanisani, ingawa haikuwa Jumapili. Paka aliingiza kichwa kwapani kwake, jambo ambalo halikuwa ushahidi wa lolote. Mageto akafanya kazi yake. Rebeccah alilia kwa sauti ile ndogo. Tecla hakulia hadi alipofika kwenye chai yake, na huko alilia vibaya, akiendelea kuchuma, na hakujua kwa hakika ni kwa ajili ya nani.

Alizikwa nyuma ya stoo, na ngozi yake.

Jumamosi Noah alileta ng'ombe. Alikuja mwenyewe, peke yake, fimbo mkononi: yule mtamba, sasa ng'ombe mzima mwenye pembe, na wanawe wawili. Tecla alisimama kwenye ua wake akawatazama wakishuka kilima kwa ile njia ya kwenda mtoni. Walipokaribia mahali ambapo yeye na Isaiah walibeba kuni siku nzima, ng'ombe waliziona nyasi za hapo, ndefu, kijani kuliko zote za kilima, wakaanza kuzielekea. Noah hakuinua kichwa. Aliwapiga fimbo ubavuni, akawageuza, akawapitisha kwa juu, katikati ya chai yake mwenyewe, wakivunja matawi, kama alivyokuwa akiwapitisha ng'ombe wake wote, kila siku, kwa miaka sita.